Mama analala peke yake na hatujui kama anakoroma: je, apimwe kukatika kwa pumzi usingizini?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, yuko Tanga, mimi niko Dar es Salaam. Tangu baba afariki, mama analala peke yake chumbani. Ana presha, anameza dawa tatu (amlodipini, losartani na ile ya kukojoza), lakini kila akipimwa bado inasoma juu ya 160. Usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Mchana akikaa tu barazani anasinzia, na siku hizi amekuwa msahaulifu. Sisi tulidhani ni uzee. Kaka yetu aliyeko Marekani anasema huko wazee wote hupimwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na mama naye apimwe haraka. Kaka ana mashine yake ya zamani ya hewa, ile ya kuvaa usiku kusaidia kupumua, anataka kuituma kwa mama. Mama hakoromi, au niseme hakuna anayejua kama anakoroma. Je, apimwe? Na hiyo mashine tuipokee?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kumuuguza mama ukiwa mbali. Ndiyo, mama apimwe. Lakini sababu ya kumpima si umri wake, na mashine ya kaka yako isubiri kwanza.

Nianze na alichosema kaka, maana nimekisikia kwa watu wengi. Marekani hakuna utaratibu wa kumpima kila mzee ugonjwa huu. Jopo la wataalamu wanaotoa mapendekezo ya vipimo vya kinga nchini humo lilichunguza suala hili mwaka 2017, likalirudia Novemba 2022, na mara zote mbili likasema ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataza kuwapima watu wazima wasio na malalamiko. Haina maana kwamba ugonjwa ni wa nadra. Umeenea sana, na huongezeka kadiri umri unavyosogea. Kilichokosekana ni utafiti wa kuonyesha kwamba kumtafuta mtu asiyelalamika chochote, ukampima na kumpa tiba, kunamfanya aishi maisha marefu au bora zaidi. Msimamo wangu ni huo huo: simpimi mtu kwa sababu tu ametimiza miaka 60 au 70. Nampima kwa sababu ya dalili. Tatizo ni kwamba dalili za mzee hazifanani na zile tulizozoea kuzisikia, na ndiyo maana wengi, kama mama yako, hukaa nazo miaka wakiambiwa ni uzee.

Koo, pale nyuma ya ulimi, ni mrija laini usio na mfupa wa kuushikilia. Ukiwa macho, misuli ndiyo inayouacha wazi. Ukilala misuli hulegea, na kwa baadhi ya watu hulegea kiasi kwamba ulimi na kuta za koo vinagusana. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Pumzi ikikatika, au ikipungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi, tunahesabu tukio moja. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, mtu anazinduka nusu, anavuta hewa kwa kishindo, kisha anarudi kulala na asubuhi hakumbuki lolote. Matukio yasiyofika 5 kwa saa ni kawaida. Kati ya 5 na 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, na zaidi ya 30 ni kali. Huyo wa mwisho pumzi yake inasumbuka, kwa wastani, kila dakika mbili au chini ya hapo, usiku kucha.

Katika uzee misuli ya koo inapungua nguvu, kwa hiyo hesabu hupanda hata kwa wazee wenye afya. Mzee wa miaka 75 akija na matukio 8 kwa saa, anatembea vizuri, halali ovyo mchana, presha iko sawa, mimi simpi tiba yoyote. Kumpa jina la ugonjwa hakumsaidii, na mashine itamsumbua bure. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutopima watu kiholela.

Mama yako yuko kundi jingine. Tazama huko kukojoa usiku. Mtu akivuta hewa huku koo limeziba, ndani ya kifua kunatokea mvuto mkali. Mvuto huo unatanua vyumba vya juu vya moyo, na moyo unaelewa kwamba mwili umejaa maji. Unatoa homoni ya kuziamuru figo zimwage maji na chumvi, na kibofu kinajaa usiku kuliko mchana. Mzee anasema mkojo ndio uliomwamsha. Mara nyingi kilichomwamsha ni pumzi. Akishazinduka ndipo anahisi kibofu. Nalisisitiza hili kwa sababu kila safari ya chooni gizani ni nafasi ya kuanguka, na nyonga ikivunjika katika umri ule, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Lakini kuamka kukojoa kuna sababu nyingine, na zingine ni rahisi kuliko hii. Ile dawa ya kukojoza anaimeza saa ngapi? Kama ni jioni, muulizeni daktari wake kuhusu kuihamishia asubuhi. Hilo peke yake linaweza kumpunguzia safari za chooni. Sukari ilipimwa lini? Miguu inavimba jioni? Mzee akilala, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye mzunguko wa damu na kuteremka kwenye figo. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo yapo. Yote haya yaangaliwe kabla ya lawama zote kutupiwa usingizi.

Presha yake ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako. Mtu anayemeza dawa za aina tatu, moja ikiwa ya kukojoza, na presha bado haishuki, tunasema ana presha sugu, na kukatika kwa pumzi usingizini ni miongoni mwa mambo ya kwanza tunayoyatafuta kwake. Kabla ya hapo hakikisheni ni sugu kweli. Hesabuni vidonge vilivyobaki mwisho wa wiki. Angalieni kama anameza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti, maana dawa hizo hupandisha presha na wazee wetu hununua dukani bila kumwambia mtu. Angalieni na chumvi.

Halafu kuna hili la kukoroma. Shahidi mkuu wa ugonjwa huu ni mtu anayelala pembeni. Baba yenu alipofariki, shahidi huyo aliondoka. Hata kabla ya hapo, wanandoa wengi wazee walishatenganisha vyumba, au mmoja wao hasikii vizuri. Isitoshe, kwa wanawake ugonjwa mara nyingi hauji na mkoromo wa kutikisa nyumba. Huja na uchovu, kukosa usingizi, kichwa kuuma asubuhi, moyo kukosa raha. Kabla ya kukoma hedhi wanawake huupata mara chache kuliko wanaume, baada ya hapo pengo linapungua. Na kina mama wengi huona aibu hata kuulizwa kama wanakoroma. Kwa hiyo "mama hakoromi" naisoma kuwa "hakuna aliyesikiliza".

Hospitalini mnaweza kupewa dodoso. Linalotumika sana ni STOP-Bang, lililotungwa Toronto na daktari Frances Chung na wenzake, likachapishwa mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Lina mambo manane: kukoroma, uchovu wa mchana, kama kuna aliyeona pumzi ikikatika, presha, uzito uliozidi sana, umri zaidi ya miaka 50, unene wa shingo (zaidi ya sentimita 40 katika toleo la mwanzo, utepe wa fundi cherehani unatosha), na kuwa mwanamume. Kila ndiyo ni alama moja. Alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 kwenda juu ni kubwa. Mhesabie mama: umri 1, presha 1, uchovu 1. Tayari ana 3 na hakuna aliyemsikia akikoroma. Sasa chukua mzee yeyote wa kiume mwenye presha anayejisikia kuchoka: ana 4 kabla hujamgusa shingo. Kwa wazee dodoso hili ni wavu wa matundu madogo mno, linanasa karibu kila anayepita. Na upande wa pili, mzee mwembamba mwenye shingo nyembamba, anayelala peke yake, anaweza kupata alama chache huku pumzi yake inakatika usiku mzima. Lijazeni, lina faida yake, ila lisiwe hakimu.

Dodoso jingine ni la Epworth, la Murray Johns wa Melbourne, mwaka 1991. Linauliza uwezekano wa kusinzia katika hali nane, kama vile ukisoma, ukiangalia televisheni, ukiwa abiria wa gari kwa saa nzima, au gari likisimama kwenye foleni. Alama ni 0 hadi 24, na zaidi ya 10 ni usingizi uliopita kiasi. Mzee asiyesoma, asiyepanda gari, anayeshinda nyumbani, utamjazia nini hapo? Mimi huwauliza wanaoishi naye maswali yanayolingana na siku yake. Anasinzia akiwa peke yake tu, au hata watu wakizungumza naye? Amewahi kusinzia na kikombe cha chai mkononi, au katikati ya ibada? Mzee kupumzika baada ya chakula cha mchana ni kawaida. Kusinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe si kawaida.

Sasa kazi yako. Kabla ya kutumia hela yoyote, mtafutieni mama shahidi. Nenda Tanga, au mwombe anayeishi naye, mjukuu au mdogo wako, alale chumba kile usiku mbili tatu. Mwelezeni mama na mumwombe ruhusa. Si vizuri kumrekodi mtu mzima bila yeye kujua. Feni iwekwe ya chini kabisa, maana inameza sauti zote. Simu iwekwe nje ya chandarua, usawa wa kichwa, irekodi sauti tangu anapolala. Saa za kusikiliza kwa makini ni kuanzia saa 9 usiku hadi alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto huja zaidi sehemu ya mwisho ya usiku, na humo koo hulegea kuliko wakati mwingine. Akilala chali ndiyo zaidi.

Mnachotafuta ni hiki: mkoromo au pumzi nzito inayopanda, kisha kimya cha ghafla, kisha mguno au mvuto mkubwa kama wa mtu aliyetoka chini ya maji. Kimya kihesabiwe kwa sekunde za saa ya simu. Andikeni ni mara ngapi katika nusu saa. Wakati wa kimya mulikeni kifua kwa mwanga hafifu. Kifua na tumbo vikiwa vinapigana kuvuta na hewa haiingii, koo ndilo lililoziba. Kifua kikiwa kimetulia kabisa, hakijaribu hata kuvuta, hiyo ni aina nyingine: ubongo ndio haukutoa amri ya kupumua. Aina hiyo tunaiona kwa wenye moyo dhaifu, waliopata kiharusi, na wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Mkiona pumzi inapanda taratibu, inakuwa kubwa, inashuka, inakatika, kisha mzunguko uleule unaanza upya, mwambieni daktari hivyo hivyo, neno kwa neno. Atajua anatakiwa kuuangalia moyo kwanza.

Usiku mmoja wa kimya haumwondolei mtu shaka. Na ile oksimita ya kidoleni ambayo nyumba nyingi zilinunua wakati wa korona, kumpima nayo mchana akiwa macho hakuonyeshi chochote kuhusu usingizi. Atasoma 97 na mtadhani yuko salama. Kinachosaidia ni oksimita yenye kumbukumbu, inayovaliwa usiku kucha na kuonyesha oksijeni ilishuka mara ngapi kwa saa. Kidole kisiwe na piko wala rangi ya kucha, vinaweza kuvuruga usomaji. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi husoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo usiku wenye namba nzuri nauamini nusu. Usiku wenye mporomoko unaojirudia nauamini.

Hospitalini ombeni kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na mpeleke rekodi, daftari la hesabu na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za dukani. Kama anatumia diazepamu ili apate usingizi, au chlorpheniramine (dawa ya mafua na mzio inayoleta usingizi) kila usiku, au tramadoli ya maumivu, semeni. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu hulegeza koo na kuchelewesha ubongo kushtuka, nazo humwongezea mzee kuanguka na kuchanganyikiwa. Msimwachishe ghafla, daktari atapunguza kidogo kidogo. Atapima pia tezi ya shingo, wingi wa damu na sukari, kwa sababu tezi ikifanya kazi kidogo huleta uchovu, usahaulifu na hata mkoromo. Atachukua kipimo cha umeme wa moyo, akitafuta mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huandamana sana na ugonjwa huu. Kisha kipimo cha usingizi chenyewe. Kipo kifaa cha kwenda nacho nyumbani, kinapima hewa ya puani, mwendo wa kifua na oksijeni. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu, ugonjwa mkubwa wa mapafu au aliyepata kiharusi, kipimo kamili cha kulala maabara ndicho bora, na hicho kinapatikana hospitali chache za miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi. Ulizeni bei na bima kabla ya safari.

Kabla ya kulipia kipimo, muulizeni mama swali moja: akikutwa nao, yuko tayari kujaribu tiba? Wengine husema hapana, na wana haki. Kwa mzee dhaifu sana au mwenye kupoteza kumbukumbu kwa kiwango kikubwa, mashine inaweza kuwa adhabu. Kwa hao tunashughulikia mengine: kulala ubavu badala ya chali, kuinua kichwa cha kitanda, kuacha pombe na dawa za usingizi. Uzito upunguzwe kwa uangalifu, maana mzee akikonda ovyo hupoteza misuli.

Tiba kuu kwa hali ya wastani na kali ni CPAP, mashine inayosukuma hewa puani kwa shinikizo ili koo lisijifunge. Ilielezwa mara ya kwanza na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981. Nataka mjue inatoa nini. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 kwa watu wenye miaka 65 na zaidi ulionyesha inapunguza usingizi wa mchana. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,700 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuona ikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi, ingawa waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba mashine itamkinga mama na kiharusi, anaahidi kisichothibitishwa. Mimi ningetarajia achangamke mchana, aamke mara chache zaidi, na presha ishuke kidogo, huku dawa zikiendelea. Usahaulifu unaotokana na usingizi mbovu unaweza kupungua. Ule wa ubongo unaozeeka kwa ugonjwa hauponi kwa mashine.

Msisubiri mipango yote hii kama anashindwa kulala bila mito mingi, anaamka akihema, au miguu imevimba. Hiyo inaweza kuwa dalili ya moyo, na apelekwe hospitali wiki hii. Na kama siku yoyote atafanyiwa upasuaji, hata wa mtoto wa jicho, mtoa dawa ya usingizi aambiwe mapema kwamba anashukiwa kuwa na tatizo hili.

Nimalizie na kaka. Nia yake ni njema, lakini mashine yake ilipangwa kwa koo lake, kwa shinikizo lake. Hatujui bado kama mama ana aina ya koo au ya ubongo, na zipo mashine zinazofaa moja na kudhuru nyingine: mwaka 2015 aina mojawapo ya mashine za hewa ilionekana kuongeza vifo kwa wagonjwa fulani wenye moyo dhaifu. Pia mwaka 2021 mashine kwa mamilioni ziliitwa zirudishwe na mtengenezaji kwa sababu ya sponji ya ndani iliyokuwa ikibomoka, kwa hiyo aangalie namba ya mashine yake hata kwa usalama wake mwenyewe. Mama akishapimwa na daktari akitaja aina na shinikizo, hapo ndipo mtazungumza kama ile ya kaka inaweza kupangwa upya, na barakoa mpya inunuliwe, inayoukaa uso wa mama. Kama anataka kutuma kitu sasa hivi, atume oksimita yenye kumbukumbu ya usiku kucha, na programu yake iwe imeshawekwa kwenye simu ya yule atakayelala na mama.